Nilinunua domain ya shujaa, mwenye ushujaa wake akaja kukomenti

Wakuu, salamu kutoka Kindu, huku Maniema, mashariki mwa Congo.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Yangekuwa ya kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko hii mtakayoiona.

Nina kichumba cha kuchapa na fotokopi karibu na soko. Mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, kadi za kwaya. Kwa hiyo mtaa mzima unaniita informaticien, mtaalamu wa kompyuta, na mimi kwa ujinga nimekuwa nikiitika.

Mwaka jana nikaamua kufungua blog.

Nilitaka kuandika habari za miaka ya vita. Wakati ule treni ilikuwa imelala, chumvi ilifika Kindu kwa ndege ndogo, na sisi vijana tuliisukuma kwa baiskeli mpaka Kampene kwa wachimba dhahabu. Siku nyingi za matope na vizuizi vya watu wenye bunduki. Mwenzangu wa safari alikuwa Omari, tumekua naye avenue moja.

Jina la blog halikunisumbua. Nikaandika shujaawachumvi, kompyuta ikaniambia lipo wazi, nikalipia miaka mitatu kwa mpigo ili mtu asiniwahi.

Kana kwamba kuna foleni ya watu wanalitaka.

Shujaa mwenyewe, wakuu, nilikuwa mimi. Endeleeni kusoma.

Kwa wageni wa mambo haya: domain ni lile jina unaloandika juu kwenye browser. Hosting ni kompyuta ya watu, iko mbali huko, inayotunza maandishi yako. Ni vitu viwili, unavilipia mbalimbali, halafu lazima uvikutanishe.

Hilo la kuvikutanisha mimi sikulijua.

Nikafika kwenye ukurasa wenye visanduku viwili. Nameserver 1. Nameserver 2. Nikaona "name", nikasema ahaa, wanataka majina. Cha kwanza nikaandika jina langu kamili. Cha pili nikaandika la mke wangu, Mama Amina, kama shahidi.

Ikakataa kwa maandishi mekundu. Nikadhani ni kwa sababu sikuweka postnom, lile jina la ukoo tunaloongeza huku Congo, nikaongeza.

Ikakataa tena. Nikafunga ukurasa, nikajiambia itajirekebisha yenyewe.

Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala, nikawatangazia watu: blog iko hewani, fungueni. Nilitangaza kwa sauti kabisa, mkono mmoja kiunoni.

Dakika kumi hazikupita shemeji yangu akapiga simu.

"Shemeji, hii blog yako iko nauzisha viatu vya wanamuke?"

Nikafungua. Kweli. Domain ambayo haijaunganishwa na hosting, kampuni inaiwekea matangazo yake. Juu kabisa jina la shujaa, chini yake viatu vyekundu vyenye visigino virefu.

Wazee wawili walinipa hongera kwa kufungua biashara mpya.

Nikawaandikia watu wa msaada wa kampuni ya hosting, pamoja na picha ya vile visanduku nilivyovijaza. Akanijibu dada mmoja mpole, akanieleza kwamba ile barua pepe ya kwanza waliyonitumia ina mistari miwili, ninakili kama ilivyo na kuibandika kwenye vile visanduku. Halafu akaandika: "Samahani, huyu Mama Amina uliyemwandika hapa ni nani?"

Nilijifanya mtandao umekatika.

Nikabandika. Wakasema ningoje siku moja au mbili habari isambae. Siku ya pili ukurasa ukafunguka, mweupe, jina langu juu. Nilisimama nikautazama kama mtu anayemtazama mwanawe wa kwanza.

Nikaandika makala ya kwanza siku hiyo hiyo.

Niliandika jinsi watu wenye bunduki walivyotusimamisha njiani. Jinsi Omari alivyokimbilia msituni. Jinsi mimi nilivyosimama, nikazungumza nao kiume, wakaniachia nirudi na baiskeli yangu na chumvi yangu. Nikamalizia: "Marehemu rafiki yangu Omari, Mungu amrehemu, hakuwa na moyo wa njia."

Hadithi hii nimeisimulia zaidi ya miaka ishirini. Niliwasimulia wakwe zangu nilipokwenda kuposa. Mke wangu aliolewa na hadithi hii kabla ya kuolewa na mimi.

Siku tano hakuna aliyekomenti. Siku ya sita ikaingia moja. Naiweka kama ilivyo:

"We Rama. Hii yote njo bongo. Mimi njo ule marehemu wako. Niko muzima, niko Kampene, binti yangu njo amenisomea. Muntu mwenye alijificha ile siku njo weye. Sahihisha."

Bongo, kwetu, ni uongo, na njo ni ndiyo.

Wakuu, nilikaa kwenye kiti cha mteja, na mteja akabaki amesimama na karatasi zake.

Ukweli ni huu. Omari alikuwa mbele, mimi nyuma kama hatua thelathini. Niliwaona kwanza. Badala ya kumwita, nilijitupa na baiskeli yangu ndani ya shamba la muhogo, nikalala kifudifudi. Walimkamata peke yake, nikasikia sauti, kisha nikasikia wanaondoka naye. Sikumfuata. Niligeuza nikarudi Kindu, na chumvi ile ndiyo iliyonianzishia maisha.

Baadaye mfanyabiashara mmoja akaniambia Omari wa Kampene amefukiwa na shimo la dhahabu. Huko kina Omari ni wengi. Sikuuliza Omari gani.

Ilinifaa asiwepo. Marehemu habishi.

Nilitaka kuifuta ile komenti. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Halafu nikakumbuka kwamba binti yake ataona imefutwa, nikashindwa.

Nikaenda nyumbani, nikamsomea mke wangu yote. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Akaniuliza, "Baba Amina, na yeye alirudi na nini?"

"Hakurudi na kitu."

Akasukuma sahani yake pembeni. Kisha akasema, "Chukua simu. Umupigie hapa mbele yangu."

Namba tuliipata kwa binti yake Omari, kwa kumjibu pale kwenye blog. Omari alipopokea, mke wangu akaninyang'anya simu.

"Shemeji, mimi njo bibi ya Rama. Nilikuwa sijui. Aksanti sababu ulimurudisha nyumbani." Akalia. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Nilipopewa simu nikamwuliza jambo moja tu: kwa nini hawakuniona? Nilikuwa karibu, natetemeka.

"Walikuona," akasema Omari. "Mihogo ilikuwa naruka-ruka. Mumoja akauliza, kule iko nini? Nikamuambia mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Sasa ile njaa yao, wakataka kukukula. Nikasema hapana, ile iko na kuhara, itawaua. Twende, chumvi nitawasukumia mimi mwenyewe mpaka kambini."

Alisukuma siku tatu. Alitoroka wakiwa wamelewa, akaingia Kampene kwa miguu, bila baiskeli, akabaki huko.

"Mbona hukunitafuta?" nikauliza. Swali la kijinga, najua.

Akasema taratibu, "Nilisikia uko na kazi, uko na watoto. Nikasema atakuja. Nilikuwa nakungoja."

Mwezi uliofuata tulienda Kampene, mimi na Mama Amina, kwa pikipiki mbili. Hayo ya huko sitayaandika yote. Nitasema tu kwamba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akalia kama mbuzi, meee, mbele ya majirani zake wote, na ndipo tukakumbatiana.

Makala nimeisahihisha. Jina likabaki tatizo. Domain ukishainunua hubadilishi hata herufi, na mimi nilishalipia miaka mitatu ya ushujaa. Nikanunua nyingine, mbuziwamuhogo, halafu yule dada wa msaada akanionyesha jinsi ya kuielekeza ile ya zamani kwenye hii mpya. Sasa ukiandika shujaa, inakurusha moja kwa moja kwa mbuzi.

Shemeji anasema afadhali viatu.

Omari nimempa nywila. Mimi naandika, binti yake anamsomea, na asipokubali yeye hakuna kinachochapishwa. Makala tatu ameshazirudisha. Ya juzi nilisema kila mtu alisukuma mifuko miwili ya chumvi, akanikumbusha kwamba mimi nilikuwa napakia mmoja na kulalamika kwa miwili.

Nilichojifunza: domain lipia mwaka mmoja kwanza, nameserver si jina la mkeo, na usijinunulie sifa ambayo mwenyewe anaweza kuwa hai.

Mwenye swali la hosting aulize, nimehitimu kwa aibu. Mwenye kucheka acheke tu, nimezoea.

Lakini kama kuna rafiki uliyeambiwa amekufa na hukuuliza vizuri, acha kukomenti hapa. Kaulize kwanza.