Usiku Niliowamwaga Dagaa wa Kijiji

Siku ya kwanza kazini, pale Kasanga, Nahodha wa chombo cha kijiji aliniuliza swali moja tu: "Unajua kuogelea?" Nikamjibu sijui. "Vizuri," akasema, "hutakitoroka chombo changu." Akanipa kopo la kufulia maji, yaani kuyachota yanayoingia chomboni na kuyamwaga nje. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mollo, mtoto wa wakulima wa ulezi, darasa la pili nimeliacha katikati. Ziwa nilikuwa sijaligusa hata kwa kidole.

Ninyi vijana mmezoea injini. Sisi tulipiga kasia mpaka nyumba za ufukweni zikapotea machoni. Tulivua siku zisizo na mwezi, kwa karabai, yaani taa ya mafuta inayojazwa upepo kwa pampu. Dagaa hupanda kuifuata nuru, nawe unawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Mjinga akiwaona huongeza mwanga. Mwenye kazi yake huupunguza polepole, wakajikusanya juu kama uji unaotokota. Nilifua maji misimu miwili, nikapiga kasia, kisha nikakabidhiwa taa. Hakuna aliyenibeba. Nilijifunza kwa macho na kwa kutukanwa.

Ikaja siku wapiga kasia wetu wote wameitwa mafunzo ya mgambo, na Nahodha ana jipu gotini. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinaingia shamba la ujamaa, na watu wa jembe lazima wale. Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Ndugu, usiku huu chombo ni chako. Tafuta watu wako. Ukikirudisha kimejaa, unahodha ni wako. Ukikirudisha kitupu, kopo lako bado lipo."

Nikakusanya niliokuwa nao: mdogo wangu Kristofa, rafiki yangu Mwaisaka aliyekuwa mtumishi wa serikali kutoka Mbeya, na shemeji yangu Alfonsi, kaka wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mollo na gunia la unga wa ulezi. Alfonsi ana mikono ya jembe. Nikampa lusenga.

Dagaa walipanda usiku ule kuliko nilivyowahi kuona.

"Shemeji, haya ni mavuno!" Alfonsi akapiga kelele.

"Chota. Maneno baadaye."

Mwaisaka alikuwa ameinamia ukingoni anatapika. "Nikifika salama," akasema, "sitaki hata mchuzi wa dagaa."

Kosa ni langu, sifichi. Macho yangu yalikuwa kwenye taa. Alfonsi akawarundika dagaa wote mbele, lundo moja refu, kama anavyorundika ulezi shambani kwake. Chombo kikainamisha pua. Hapohapo upepo wa kusini ukaamka, maji yakawa yanaingia kwa mbele haraka kuliko Kristofa alivyoweza kuyafua.

"Mwageni!" nikasema.

Alfonsi akalilalia lile lundo. "Chakula hakimwagwi! Kwetu hata punje ikianguka tunaiokota."

"Hapa si Mollo. Toka!"

"Na unahodha wako je?"

Nilikuwa sijausahau. Nikamvuta kwa ukosi wa shati, nikawamwaga kwa mikono yangu miwili, na kila nikimwaga nauona unahodha unakwenda nao. Pua ikainuka. Tukapiga kasia mpaka alfajiri, hata Mwaisaka na matapishi yake.

Ufukweni watu walikuwa wanangoja, majembe begani. Mwenyekiti akachungulia.

"Ndio hawa tu?"

"Ndio hawa, Ndugu Mwenyekiti. Wengine nimewamwaga."

Watu wakaguna. "Umemwaga chakula cha wananchi?"

Nahodha akaja akichechemea na fimbo yake. Hakuniangalia. Akapitisha kidole kwenye mbao za mbele, upande wa ndani, akakiinua. Kilikuwa kinang'aa kwa magamba.

"Magamba yamefika mpaka ukingoni; chombo kilijaa," akasema. "Na upepo ule sote tuliusikia." Akamgeukia Mwenyekiti. "Marehemu kaka yangu hakumwaga. Mpe huyu chombo."

Siku ile kijiji kilikula ugali na maharage, na mimi nikanuniwa wiki nzima. Lakini unahodha nikaupata, nikaushika mpaka mgongo uliponikatalia.

Sasa nimestaafu, nakaa Milanzi. Mkitaka kujua nilivua samaki wangapi, waulizeni wengine. Mimi niulizeni watu wangapi niliondoka nao na wangapi niliwarudisha. Ni hesabu ileile. Hiyo darasa la pili linaitosha.

Alfonsi hushuka kutoka Mollo kunisalimu, mvi kichwa kizima. Mke wangu akipakua dagaa, lazima Alfonsi aseme: "Shemeji, wale uliowamwaga tungewala mpaka leo."

"Wangetula wao," namjibu.

Hucheka, akavuta sahani, akawarundika dagaa wote upande mmoja.