Siku Kumi na Mbili za Kufukia Ngoro

Nimefundisha uwiano miaka mingi na, niseme tu ukweli, nimeuchoka. Kila mwaka ni wafanyakazi walewale na shamba lilelile. Watoto wakiniuliza hesabu hizi zitawafaa nini nyumbani, nawaambia wanakili yaliyoko ubaoni.

Mimi mwenyewe nilifundishwa darasa la saba, huko milimani Mbinga, na mwalimu aliyetokea ziwani, kwenye mihogo na samaki. Aliandika: wanaume wanne wanalima shamba kwa siku sita, wanaume wanane watalilima kwa siku ngapi? Darasa zima tukajibu siku sita. Alituchapa kwanza, ndipo akauliza sababu. Tukamweleza kwamba kwetu mwanaume hukata nyasi na kuzilaza miraba miraba, kazi yake ikaishia hapo. Anayechimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia, mpaka yatokee mashimo tunayoyaita ngoro, ni mwanamke. Hata ukiongeza wanaume mia, majembe ya kufukia ni yaleyale.

"Kwenye mtihani hakuna nyasi," alisema kwa uchovu. "Watu wakiongezeka, siku zinapungua. Wakipungua, siku zinaongezeka. Karirini hivyo."

Nilikariri kuliko wote. Shule yetu ilikuwa haijawahi kutoa msichana wa kwenda sekondari, nami nilitaka kwenda kwa udi na uvumba.

Machi ile baba alikuwa ameshalaza nyasi. Miaka ya nyuma tulifukia wanne, mama, shangazi zangu wawili na mimi, tukamaliza kwa siku sita. Lakini biashara ilikuwa imeachiwa huru, na shangazi walikuwa wanazunguka magulioni na mitumba yao. Tulibaki wawili.

"Wewe unayesoma hesabu," mama aliniambia, "nikifukia peke yangu nitamaliza kwa siku ngapi? Zikiwa nyingi mno itabidi ubaki unisaidie. Mvua ya maharage haingoji."

Jibu nililijua kabla hajafunga mdomo. Wawili, siku kumi na mbili. Peke yake, ishirini na nne.

"Kumi na mbili, mama."

"Hizo nitaziweza. Nenda shule."

Nikaenda. Aibu niliiona, sikatai, lakini niliiona nikiwa tayari njiani na daftari kwapani.

Siku ya kumi na mbili nilitoka shule nikamfuata shambani. Nusu nzima ya shamba nyasi zilikuwa bado zimelala juu ya ardhi, zimekauka. Mama alikuwa ameegemea mpini wa jembe, viganja vyote viwili kavifunga vitambaa. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, lakini akanitangulia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Hesabu yako haina kosa. Ni mimi nimezeeka."

Nikampokea jembe, ukweli sikuusema. Alikuwa hajafikisha hata miaka arobaini.