Nasemwa Kwenye Sala, Nami Naitikia Amina

Sasa hivi hapa nilipokaa, mwanangu amempigisha magoti mdoli wake wa gunzi, akamshika kichwa, akafumba macho na kusema, "Yesu, msamehe huyu mvivu, hasikii." Akamwamuru aitikie Amina. Gunzi halisemi, basi akalizaba kibao. Kisha akanigeukia, "Mama, na wewe sema." Nikasema Amina. Nimeisema kwa mazoea tu, kabla sijafikiri, na hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Wasomaji wa ukurasa huu nawasalimu, walionizidi umri shikamooni. Mhariri, naomba jina langu ulifiche kama unavyowafichia wenzangu. Nina miaka ishirini na tatu, elimu yangu darasa la saba, mtoto ninaye huyu mmoja wa kike, ana miaka minne. Tunaishi Butimba kwa mama mkwe. Tulihamia kwake baada ya mume wangu kupunguzwa kiwandani, na hali ya siku hizi mnaijua wenyewe. Yeye anahangaika na vibarua, mimi nakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara wakishatoa minofu, nauza mchana pale njia panda.

Mama mkwe simsingizii ubaya. Alitupokea bila kununa, na mtoto alipougua malaria ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Shida yangu ni sala ya jioni. Kabla ya kula tunapiga magoti wote sebuleni, na anayeomba ni yeye. Anaanza vizuri, anashukuru kwa pumzi, anawaombea wagonjwa na wasafiri, halafu sauti inashuka. Hapo najua nimefikiwa. "Baba, unamwona mwanamke wa nyumba hii anayependa biashara kuliko sufuria zake. Jana maharage yaliungua, Baba, na wewe uliyaona. Mlainishe moyo, maana sisi kusema tumechoka." Sasa ndugu zangu, hapo utajibu nini? Angenigombeza uso kwa uso ningeomba radhi, au ningejitetea. Lakini amefumba macho, anaongea na Mungu, na kazi yangu mimi ni kuitikia. Mume wangu ndiye anayeitikia kwa sauti nzito kuliko wote.

Jirani niliyemweleza alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mwenzangu, kesi yako imeruka mahakama ya mwanzo, inakwenda juu moja kwa moja." Nilicheka naye, lakini nyumbani nilipofika nililia.

Siku moja nilijikaza. Nilimpigia goti mama mkwe nikamwambia kwa adabu kwamba nikikosea aniite pembeni anielekeze, nitajirekebisha. Akanitazama kwa upole kabisa. "Mwanangu, mimi nimekusema lini? Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Kama imekuchoma, basi ni Roho anafanya kazi yake." Nikainuka nikarudi kwenye karai langu la mapanki. Mume wangu nilipomwambia alinijia juu, eti nataka amkataze mama yake kusali, watu wa kanisani watamwelewaje. Na mama mkwe ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Hata nikienda kwa mchungaji, najua maneno yatafika nyumbani kabla yangu.

Basi jioni moja alikuwa na kikohozi, akaniambia niombe mimi. Shetani au uchungu, sijui, nikaomba Mungu awasaidie wanaosema wenzao kwa kujificha nyuma ya jina lake. Nilipomaliza hakuna aliyeitikia. Jumamosi yake walikuja akina mama wa kanisani wakaniweka katikati, wakaniwekea mikono, wakakemea roho ya kiburi. Nilikaa pale nanuka mafuta ya samaki huku nakemewa, na mama mkwe akiwapikia chai.

Ningevumilia, kwa kweli. Mimi ni mtu mzima. Lakini wiki hii mtoto alikojoa kitandani, na jioni bibi yake akaliingiza jambo hilo kwenye sala, akamwomba Mungu amwondolee mtoto huyu aibu. Mwanangu alifumbua macho akanitazama. Tangu siku hiyo nikitaka kusali naye tukienda kulala anajifunika kanga usoni. Jana nilipombembeleza akaniambia kwa kunong'ona, "Mama, tusimwite. Bibi ameshamwambia."

Hilo neno limenikaa kifuani. Mimi marehemu mama yangu alinifundisha kusali tukiosha vyombo, anamweleza Yesu habari za shamba na kuku wake kama anaongea na jirani wa ng'ambo ya ua. Hata mimi mwanangu nilimfundisha hivyo hivyo. Alikuwa akishukuru kwa mvua, kwa viatu vyake, hata kwa bata wa jirani. Sasa Mungu kwake amekuwa mtu wa kupelekewa mashtaka, na huo mchezo wake wa gunzi ndio sala anayoijua. Na mimi nikiitikia Amina kila jioni, si namthibitishia kwamba ni kweli?

Kuhama hatuna pa kwenda kwa sasa, ingawa mapanki yakiendelea kutoka na Mungu akitusaidia tutapata chumba chetu. Mume wangu simchukii, mama mkwe simchukii, na kanisa silihami. Ninachoomba ni kwamba mwanangu asikue anamkimbia Mungu. Ninyi wazazi wenye busara, na wanawake wenzangu mnaoishi ukweni, nielekezeni maana mimi akili yangu imefika mwisho. Akianza tena jioni hii, niitikie kwa heshima ya mkwe, au ninyamaze waseme nimepagawa, au nimshike mtoto mkono nitoke naye nje nimwambie kwamba Mungu hajamkasirikia hata kidogo na kwamba, abee mama, ndiyo nakuja, jamani ananiita, wote wameshapiga magoti bado mimi tu na mtoto, nisaidieni basi kabla hajawa