Fahali Aliyekula kwa Jina la Mideva

Mideva alikuwa mtu wa kununua chumvi kwa pesa mkononi. Sisi majirani zake wa Malinya tulilijua hilo, na tulikuwa tukimcheka. Mwaka ule wa 1965 karibu kila nyumba ilikuwa na deni dukani kwa mzee Barnaba, wala hakuna aliyeona haya. Mahindi yakikubali, mtu alilipa. Yakikataa, Barnaba alinuna na kungoja. Mideva hakutaka kungojwa na mtu. Akikosa senti za mafuta ya taa, watoto wake wawili walikula obusuma, ugali wa kwetu, jua likingali juu, wakalala mapema kama kuku.

Kwa hiyo siku aliyokwenda kununua sabuni na sukari kidogo kwa ajili ya wageni wa kanisani, Barnaba akaipokea noti yake ya shilingi kumi, akaikunja na kuitia mfukoni bila kumpa kitu, Mideva alidhani mzee amesahau. Akangoja. Barnaba akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Alipouliza sabuni yake iko wapi, Barnaba alimjibu kwa upole kwamba noti ile ameihesabu kwenye deni, na deni lenyewe bado limepita shilingi mia na themanini.

"Deni la nani?" Mideva akauliza.

"Lako, Mama Musimbi."

Mideva alimtaka amwambie alikopa nini. Barnaba akamtajia, tena bila kuona aibu yoyote: pumba za mahindi magunia kadhaa, chumvi ya ng'ombe, sukari nguru ya kukorogwa kwenye maji, sigara, na soda za wapiga ngoma za isukuti. Vitu hivyo vyote vilichukuliwa na shemeji yake, Erastus, ambaye kila mara alisema viandikwe kwa shemeji, yule anayepata pesa ya Serikali.

Mideva alimuuliza kwa nini hakumwita hata siku moja kumuuliza. Barnaba alishangaa kuulizwa hivyo. Kijiji kizima, alisema, Mideva ndiye mtu wa pekee ambaye pesa yake inajulikana itakuja lini. Mwenye duka akimkopesha mtu kama huyo hana haja ya kuuliza.

Pesa yenyewe haikuwa ya Serikali, ingawa hakuna aliyemsikiliza Mideva akilieleza hilo. Mumewe, Joash, alikuwa dereva wa lori la changarawe kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Mwezi uliofuata Madaraka ya 1963 lori lilipinduka kwenye mteremko wenye matope, na Joash hakutoka. Mkandarasi akatakiwa kulipa fidia, fidia ikawekwa kortini, na tangu hapo Mideva alikuwa akienda Kakamega kila mwezi, kwa miguu, kupokea shilingi hamsini kwa karani.

Alizigawa kabla hajatoka mjini. Za karo alizipitishia shuleni siku hiyohiyo, hata kama mwalimu mkuu hakuzidai bado. Alinunua mche wa sabuni, akaukata vipande nyumbani, kila wiki kipande chake. Chumvi, mafuta ya taa, dawa ya minyoo. Zilizobaki zilikuwa za mbegu na za kibarua wa kulima, kwa sababu mwanamke mmoja na jembe moja hawawezi kumaliza shamba kabla mvua haijawatangulia.

Lakini kila alipofika nyumbani alikuta mtu ameketi anamngoja. Leo ni mchango wa harambee ya zahanati, kesho ni matanga, keshokutwa ni shangazi wa marehemu anayetaka blanketi kwa sababu baridi imemwingia magotini. Mama mkwe wake hakuomba. Yeye alikohoa tu, akautazama mkoba. Na kila aliyenyimwa aliondoka akisema jambo lilelile, kwamba mwanamke anayelipwa na Serikali hana sababu ya kuwa mchoyo.

Erastus alikuwa mdogo wake Joash, na haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Alimpasulia Mideva kuni, alimrekebishia paa, na akiimba matangani hata mawe yalilia. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: fahali. Alikuwa naye mweusi, mabega kama ukuta, akamwita Mulembe, yaani amani, ingawa mnyama huyo hakujua amani ni nini. Siku za mapigano ya mafahali Erastus alimtoa kabla ya mapambazuko kwa ngoma na nyimbo, na nusu ya Ikolomani ilimfuata uwanjani.

Mideva alimkuta akimsugua fahali huyo kwa majani, karibu na kijito. Alimwambia aliyoyasikia dukani. Erastus hakukana.

"Huyu ni wa boma lote," alisema. "Akishinda, watu wanasemanga ni ng'ombe wa kwa kina Joash. Hata wewe unapata sifa, shemeji."

"Sifa hailipi karo."

"Kwani hiyo pesa ni yako peke yako? Ni damu ya ndugu yangu."

Mideva akasema, "Ndiyo. Ni damu ya ndugu yako. Na wewe unamlisha ng'ombe."

Neno hilo lilimchoma Erastus, na mtu aliyechomwa hatulii. Wiki hiyohiyo alivaa koti la marehemu, akaenda Kakamega, akamweleza karani kwamba yeye ndiye mwanamume wa boma, kwamba mjane bado ni kijana na huenda akaolewa kwingine, na kwamba ingefaa fidia ipitie mikononi mwa ukoo.

Hivyo Mideva alipokwenda kupokea hamsini zake, hakuzipata. Karani, kijana aliyeitwa Onesmus, alimwambia kuna malalamiko na kwamba alete barua ya chifu kuthibitisha kuwa bado anaishi kwa mumewe. Mideva akaenda kwa chifu. Chifu alikuwa safarini. Aliporudi aliandika barua lakini hakupiga muhuri, kwa sababu muhuri ulikuwa kwa karani wake, na karani wake alikuwa na msiba. Barua ilipopata muhuri, Onesmus akamuuliza sasa analetwa na nani, maana panahitajika shahidi wa upande wa mume. Shahidi wa upande wa mume! Aende akamwombe Erastus aje amshitaki na kumshuhudia kwa wakati mmoja?

Alimpeleka mama mkwe. Kizee kilitembea kutoka Malinya hadi Kakamega kikilalamikia miguu njia nzima, lakini kilipofika mbele ya meza kilisema neno lililonyooka: huyu ndiye mke wa mwanangu, hajaondoka, na anayesema ataolewa hajui anachosema. Nadhani hata Mideva hakulitarajia.

Onesmus alifungua kabati, akahesabu noti. Alikuwa amechoka na kesi hiyo kama wao. Alipokuwa akizisukuma juu ya meza alisema, kama mtu anayetoa faraja, kwamba haoni kwa nini wanagombana hivyo, na mambo yenyewe yanaishia mwaka ujao.

"Mambo gani yanaisha?" Mideva akauliza.

"Fidia, mama. Zimebaki mia nne, na hizi ulizoshika zimo ndani yake."

"Inaishaje? Kwani Joash atafufuka?"

Onesmus aliweka kalamu chini. Alimweleza polepole kwamba mkandarasi alilipa fungu moja tu, na korti ndiyo iliyokuwa ikilikata vipande ili lisiliwe kwa siku moja. Si mshahara wala si malipo ya maisha. Alisema alidhani mama analijua hilo tangu mwanzo. Mideva alimuuliza ni nani angemwambia. Sidhani kama Onesmus alikuwa na kosa. Alilikuta jambo hilo hapo kama alivyoikuta meza.

Yeye na mama mkwe walirudi nyumbani. Mideva alituambia baadaye kwamba hasira aliyokuwa nayo siku hiyo ilikosa pa kukaa. Alimkasirikia mkandarasi, akamkasirikia karani, Erastus, fahali, na zaidi ya wote Joash, aliyekufa bila hata kumwonyesha jinsi watu wanavyozungumza na ofisi. Miaka miwili alikuwa akipanga maisha juu ya kitu ambacho alidhani ni kisima, kumbe ni mtungi.

Asubuhi alikwenda tena Kakamega. Safari hii hakuketi mbele ya Onesmus. Aliomba kumwona bwana DO, mkuu wa tarafa, ambaye ndiye aliyeidhinisha malipo hayo. Alingoja hadi mchana, akaingizwa, akaomba hamsini alizopewa jana zirudishwe ndani na zote zilizobaki zitolewe pamoja. DO alikataa papo hapo. Alisema wajane wote husema hivyo, na baada ya mwezi wanarudi wakilia. Mideva alimwambia kwamba yeye hataki kuzishika. Alitaka zipelekwe moja kwa moja shuleni, ziwe karo ya Musimbi hadi amalize darasa la saba, na zitakazobaki ziwe za mdogo wake hadi zitakapokoma.

DO alimtazama. Alisema hajawahi kusikia ombi la namna hiyo. Akataka barua ya mwalimu mkuu. Barua tena! Mwalimu mkuu naye alisitasita, akasema hajui aweke wapi pesa za mtoto ambaye hajafika darasa la sita, na je, mtoto akishindwa mtihani? Mideva alimjibu kwamba mtoto akishindwa atarudia, lakini pesa zikipotea hazirudii. Mwalimu akaandika.

Zilipolipwa, Mideva alirudi Malinya mikono mitupu, akakuta ameitiwa kikao kwa liguru, mkuu wa kijiji. Barnaba alikuwa amepeleka shitaka la deni lake. Wazee walikuwa tayari wamekubaliana jinsi ya kulimaliza: Mideva akate shilingi ishirini kila mwezi, amani irudi bomani. Erastus alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Mideva akasimama, akawaambia hakuna pesa ya kila mwezi tena. Aliwaeleza fungu lile, vipande vile, na shule. Hawakumwamini, liguru akamtuma mtu kwa mwalimu mkuu, na mtu huyo akarudi akasema ni kweli.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lilimkera Mideva kuliko yote yaliyotangulia. Barnaba alikaa akifikiri kidogo, kisha akageuka, akamtazama Erastus. Mara akakumbuka vizuri sana ni nani aliyebeba magunia ya pumba, ni nani aliyevuta sigara, na ni wapiga ngoma wa nani waliokunywa soda. Alieleza kila kitu kwa ufasaha. Deni ambalo kwa miezi mingi lilikuwa la mjane, kwa kuwa mjane ana pesa, lilihamia kwa mwenyewe siku ileile mjane alipokosa.

"Kwa hiyo ulijua," Mideva alimwambia.

Barnaba alisema biashara ni biashara. Mideva aliidai noti yake ya shilingi kumi mbele ya wazee, na akapewa, ingawa Barnaba alijaribu kumbembeleza achukue sabuni badala yake.

Erastus aliapa hatamuuza Mulembe. Lakini duka lilikuwa limefungwa kwake, na fahali wa mapigano hawezi kuishi kwa majani ya kando ya njia. Mulembe alikonda. Siku ya mapigano yaliyofuata aligongana pembe na fahali mdogo kutoka Isukha, akasukumwa, akageuza mgongo na kukimbia huku watoto wakimzomea. Fahali akishakimbia mara moja, bei yake ni ya nyama tu. Erastus alimpeleka sokoni Lubao, akamlipa Barnaba, na akarudi na kamba mkononi.

Tulidhani Mideva atafurahi. Hakufurahi. Alimpikia chakula, akamwekea mbele, na Erastus akala machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha Mideva akamwambia kesho kuna kulima, aje na jembe lake.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Mideva alibeba viazi vitamu na ndizi hadi soko la Kakamega, akauza, akarudi na chumvi. Waliokuwa wakimngoja mlangoni walipungua, ila shangazi wa blanketi alieneza habari kwamba zile pesa hazikwenda shule yoyote, zimefukiwa chini ya jiko. Mideva alipoisikia alimwita shangazi aje achimbe mwenyewe. Musimbi alimaliza darasa la saba mwaka wa 1968, wakati wenzake kadhaa walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa karo.

Karo ya mdogo wake ilikoma mwaka uliofuata. Wakati huo Erastus alikuwa amepata kibarua cha kufyeka kando ya barabara. Siku ya mshahara alikuja kwa Mideva, akamwomba amtunzie pesa, maana zikikaa kwake hazikai. Mideva alimwambia yeye si benki na amechoka kushika pesa za watu. Kama anataka zikae, aende nazo shuleni akalipe karo ya mtoto wa ndugu yake.

Erastus alilipa nusu. Nusu nyingine Mideva alimfuata hadi barabarani kuidai, mbele ya wenzake wote wenye mapanga, na akailipa akinung'unika.