Kelele Nyingi, Mwendo Hakuna

Papa Banza, jirani yangu hapa mtaani Kataki, ana imani na mafuta ya mawese kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukikohoa, atakuambia ulambe mawese. Mlango ukilia, mawese. Aliwahi kuyapaka kwenye mnyororo wa baiskeli, panya wakaulamba ukang'aa, naye akasema umeona, hata panya wanajua dawa. Alifanya kazi relini miaka mingi, na alipostaafu alijinunulia Mark II nyeupe ya zamani iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, gari la otomatiki linalobadilisha gia lenyewe. Kila asubuhi hulifuta vumbi kabla hajanawa uso.

Jumamosi hiyo binti yake wa pekee, Fanny, alikuwa anaolewa. Kanisa liko juu mlimani, na Papa Banza alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba mtoto wake hatapanda pikipiki siku ya ndoa. Atapelekwa na baba yake, ndani ya gari la baba yake. Wakwe walicheka kidogo. Kicheko kile kilimkaa kooni.

Ijumaa mchana gari likaanza vituko. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma mpaka kuku wanakimbia, lakini gari lenyewe linajivuta kama mtu aliyeitwa kuosha vyombo. Kwenye mwinuko wa kona yetu likasimama kabisa, bado linapiga kelele, kisha likateremka taratibu mpaka kwenye meza yangu ya nyanya.

Basi mtaa mzima tukawa mafundi. Mmoja akasema esansi, yaani petroli, ina maji. Mwingine akasema ni buji, zile plagi za injini. Mume wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, akasema ni matairi.

Akaitwa Jovial, fundi wa magari. Aliiacha injini inawaka, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate, yaani lile sanduku la gia, akakinusa. Akakinusa tena. Halafu akaniangalia mimi, kana kwamba nimepika.

"Papa Banza, mafuta ya bwate ikiunguaka, inanuka moto. Hii inanuka samaki ya kukaanga. Ulitia nini humu?"

"Nilitia mafuta. Ilikuwa imepunguka."

"Mafuta gani?"

"Nyekundu. Ya bwate si iko nyekundu? Na hii iko nyekundu."

"Papa. Mafuta gani?"

"Mawese," akasema Papa Banza, kwa sauti ya mtu asiyeona tatizo liko wapi. "Tena ya muzuri."

Kumbe ile chupa aliyoniomba wiki iliyopita, akidai ni ya kupikia mboga ya sombe! Nilicheka mpaka nikakasirika.

Jovial akayamwaga mawese yote, akatia mafuta yanayotakiwa, akajaribu tena. Kelele zilezile. Alitueleza kwamba ndani ya bwate kuna visahani vinavyoshikana ili nguvu ya injini ifike kwenye magurudumu, na vile vya kwenda mbele vimeungua, sasa vinateleza tu. Vipya mpaka viagizwe ng'ambo. Papa Banza akaketi mavumbini, mwanaume mkubwa namna ile. Nilimwonea huruma kweli, mawese yangu nikayasahau.

"Na nyuma?" Fanny akauliza kutoka mlangoni, nywele zimesukwa nusu. "Kurudi nyuma, inashika?"

Jovial akajaribu. Gari likaruka kinyumenyume kama limechomwa sindano.

Ndiyo maana Jumamosi tulipanda mlima kinyumenyume. Jovial alitangulia na pikipiki akisimamisha watu, na mimi nilikaa mbele na maua mapajani. Wanawake walipiga vigelegele. Mlevi mmoja akauliza kama bibi harusi amebadilisha mawazo anarudi kwao. Wakwe waliokuwa wakingoja juu waliona makalio ya gari kwanza, wakacheka, na safari hii hawakucheka kidogo.

Sasa, anayerudisha gari nyuma lazima ageuke. Papa Banza alikuwa amegeuka mzima mzima, mkono juu ya kiti changu, na kati yake na kioo cha nyuma alikaa Fanny na shela lake. Mlima ule ni mrefu.

"Papa, angalia njia," Fanny akasema.

"Njia njo naangalia."

Mwongo mkubwa! Mimi niliyekuwa kando yake niliona macho yake yako wapi, na machozi yanapita wapi. Njia niliiangalia mimi, nikipiga kelele kushoto, kulia, mutaro, mutaro!

Tukafika. Jovial akaweka jiwe chini ya gurudumu, injini ikazimwa, mlango wa Fanny ukafunguliwa, na wakwe wakanyoosha mikono kumpokea.

"Papa, tumefika," akasema Fanny.

"Najua," akajibu, na bado alikuwa amegeuka.