Mbegu Nilizosema Nimepanda

Mama hakuamini mawingu. Kwenye shamba letu la Naipingo, mvua ya kwanza ya mwaka aliiita mvua ya kudanganya, na hakuna mbegu ya boga iliyoingia ardhini mpaka achimbe shimo, aingize mkono na kukuta udongo umelowa kufika kiwiko. Majirani wakipanda siku ileile ya mvua, yeye alikaa barazani akichambua mbegu zake na kuwacheka. Jua likirudi na miche yao ikakauka, hakuwasimanga, aliwagawia mbegu. Mimi ni mwanawe wa mwisho, na ubishi nilio nao nimeurithi kwake pamoja na shamba hilo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilimtoa hospitali mjini Nachingwea. Daktari aliniita pembeni akasema nimpeleke nyumbani, nimpe chochote anachotamani kula. Nilimwelewa vizuri sana, nikajifanya sikumwelewa. Mama alitamani majani machanga ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nikamnunulia ya sokoni, ya wale wanaomwagilia bondeni. Alionja mara moja, akasogeza sahani.

"Haya ya watu," alisema. "Mimi nataka ya shambani kwangu."

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki hiyohiyo, alasiri, ya haraka na yenye kelele. Dada yangu aliyeolewa Ruangwa akapiga simu. "Huku tumeshapanda. Nyie mnasubiri nini?" Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, akasikia. "Mwanangu, nenda kapande."

Nilikwenda na jembe, nikachimba, nikaingiza mkono. Unyevu ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono tu, chini yake vumbi. Nikarudi kumwonyesha, najivuna kama mtoto aliyepata hesabu zote.

"Bado, Mama. Hii ya kudanganya. Si wewe uliyenifundisha?"

Aliutazama mkono wangu, halafu akanitazama mimi. "Mwaka huu panda tu."

Sikupanda. Nilijiambia naokoa mbegu. Kusema kweli, kupanda kabla ya wakati kungekuwa kukubali kwamba Mama ana haraka, na mimi sikutaka awe nayo. Hilo tu. Watu wananisifu kwamba nilimuuguza vizuri, na mimi huwaacha wanisifu.

Kila asubuhi aliuliza, "Umepanda?" Siku ya nne uvumilivu ukanishinda, nikamwambia nimepanda. Uso wake ukakunjuka, akaomba uji. Toka hapo swali likawa moja: zimeota? Zimeota, Mama. Zina majani mangapi? Mawili. Sasa manne. Nilikuwa naikuza mboga kwa mdomo, na yeye akihesabu siku kwa vidole. Nilijidanganya kwamba mvua ya pili ikija nitapanda, halafu nitatafuta maneno ya kufidia hizo siku. Likaja jua, yakaja manyunyu, jua likarudi. Udongo haukuwahi kulowa kufika kiwiko.

Jirani yetu aliyepanda na mvua ya kwanza alipoteza nusu ya miche yake. Nilipita kwake nikaitazama ile iliyokauka, nikafurahi moyoni kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili. Mungu anisamehe. Ile nusu iliyobaki ingetosha sufuria ya mtu mmoja.

Wiki ya nne, asubuhi, Mama alifariki.

Wanawake wa kijijini walifika mapema, wakagawana kazi za msiba kama kawaida: wa maji, wa kuni, wa kupika. Mama mdogo, mdogo wake Mama aliyekuwa akija kukaa naye mchana, alichukua kikapu akatoka na wenzake wawili. Nilikuwa ndani. Nilipouliza wamekwenda wapi, nikajibiwa, "Shambani kwenu, kuchuma mboga. Marehemu mwenyewe alimwagiza mdogo wake. Alisema mboga yake imeshakuwa, na siku akiondoka wageni wapikiwe hiyo."

Nilitaka kuwakimbilia. Nikabaki nimekaa kwenye mkeka na wafiwa wenzangu, nikihesabu hatua zao mpaka shambani na kurudi.

Walirudi kikapu kitupu. Wale wawili walinitazama, wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo aseme, Mama mdogo akamuwahi.

"Mbuzi wameyamaliza," aliwaambia wapishi kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Hata kijiti hawakubakiza. Pikeni maharage."

Halafu akaja kukaa karibu nami bila kunitazama, akajifunika kanga yake. Hapo ndipo nilipoanza kulia kwa sauti, na watu wakanibembeleza wakidhani namlilia Mama tu.