Safari Aliyoificha Mama Inès

Kwa Xavérine, mtu akisafiri, rubani ndiye wa kwanza kujua. Hivyo ndivyo alivyolelewa huko Vyanda, kusini mwa Burundi, na miaka ishirini na miwili ya Stockholm haikumbadilisha. Safari hutangazwa mtu akisharudi, akiwa amekaa kwake na miguu yake yote miwili. Ukiitangaza kabla, kuna atakayekuonea kijicho, kuna atakayekuletea mzigo wa kilo kumi umpelekee shangazi yake, na kuna atakayekuombea mabaya huku anakuchekea. Mama yake alikuwa akienda hata sokoni kwa siri. Akiulizwa njiani aendako, alijibu kwamba anafika hapo mbele tu.

Basi binti yake Inès, anayefanya kazi Malmö, alipomnunulia zawadi ya kutimiza miaka sitini, wiki nzima ya kutembea milimani kusini mwa Hispania, mama na mtoto pamoja, Xavérine alifurahi na akafunga mdomo. Siku tisa kabla ya safari Inès akapiga simu, akasema kwa Kiswidi chake cha haraka kwamba kazini wamemnyima ruhusa, na mama aende tu peke yake, itakuwa vizuri. Xavérine aliumia sana. Lakini alikuwa hajamwambia mtu kuhusu furaha, sasa angeanzia wapi kusimulia huzuni?

Na huyu si mtu wa kutoweka hivihivi. Anaishi Jakobsberg, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka stesheni, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili anaimba katika kwaya ya Warundi na Wakongo wanaokutana kwenye ukumbi huko Rissne. Pale wanamwita Mama Inès, na kazi yake haikuandikwa popote, ila kila mtu anaijua: yeye ndiye anayejua nani hayupo. Kiti kikiwa kitupu, yeye ndiye anayekiona. Jumapili jioni, chai ikiwa mezani, huanza kupiga simu moja baada ya nyingine. Humpigia Gaudiosa mwenye kisukari. Humpigia Severin, kiongozi wa kwaya, mwanamume ambaye akikohoa mara mbili ni lazima apewe pole. Na hasa humpigia Léontine, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Uvira, aliyekuwa akiishi Tumba peke yake na mimba yake ya kwanza, mumewe bado yuko Bujumbura akingoja vibali.

Xavérine alikuwa amemwahidi Léontine kwamba siku ya uchungu watakwenda hospitali pamoja, yeye awe mama na awe mkalimani. Siku yenyewe ilitajwa kuwa katikati ya Novemba. Safari ilikuwa ya mwisho wa Oktoba. Alihesabu kwa vidole mara mbili, akaona nafasi ipo.

Alizima simu akiwa bado kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege wa Arlanda, maana mlio wa simu iliyo nchi nyingine humchongea mwenyewe. Inès alikuwa na namba ya hoteli, na hiyo ilitosha. Uongo wa kurudi nao aliufunga pamoja na nguo: akiulizwa, atasema alibadilishiwa zamu akafanya kazi wiki nzima bila kupumua. Kusema aliumwa hakutaka. Ugonjwa ukiuita, huitika.

Kikundi kilikuwa cha Waswidi kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili, wengi wao wastaafu, watu wa adabu na fimbo za kutembelea. Walifikia katika kijiji cheupe kilichoshikilia ubavu wa mlima, na kila asubuhi walipanda. Siku ya kwanza, wakati wa kula, Xavérine alifungua kopo la mandazi arobaini aliyoyakaanga Jakobsberg, akalizungusha. Walishukuru mmoja mmoja, wakatabasamu, kisha kila mmoja akafungua mkate wake. Hawakuwa na ubaya wowote. Wamezoea tu kwamba mtu hula alichojibebea. Yeye akala andazi moja akitazama bonde, na la pili akalirudisha koponi. Kula peke yako jikoni kwako ni afadhali, kwa sababu pale hakuna wa kukuona.

Lakini mlima ulimjua. Hilo hakulitegemea. Miaka yote hiyo miguu yake imetembea juu ya sakafu za plastiki na barafu iliyomwagiwa changarawe, akadhani imesahau, na kumbe haikusahau kitu. Waswidi walipanda kwa kutazama wanapokanyaga. Yeye alipanda akitazama mbele, mikono nyuma, kama alivyopanda akiwa na miaka minane akichunga mbuzi wa babu yake. Mzee mmoja wa kikundi alimwuliza kama huwa anafanya mazoezi. Xavérine akamjibu kwamba huwa anasukuma viti vya magurudumu.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku kubwa. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ardhi ilitoa harufu iliyomfanya asimame kidogo mlangoni. Walipita kwanza katika msitu wa miti ya kastanja, majani yote yamegeuka rangi ya dhahabu na mengine yanaanguka taratibu bila upepo. Wanakijiji walikuwa wameinama chini ya miti na glavu nene, wanaokota matunda yake yenye maganda ya miiba, na mama mmoja mnene aliinua mkono kumsalimu. Xavérine akamsalimu kwa Kirundi, kwani lugha ya watu waliochafuka udongo ni moja. Mbele kidogo mjusi mweusi mwenye madoa ya manjano, laini na mwenye unyevu kama ulimi, alikuwa akivuka njia bila haraka. Waswidi walipiga magoti kumpiga picha. Kwao Vyanda mjusi wa namna ile angeshaona jiwe.

Walipotoka msituni, njia ikawa ya mawe matupu, na mlima ukafunguka. Upande wa kushoto palikuwa na jabali refu, na juu yake tumbusi wakubwa wa kahawia walizunguka bila kupiga bawa, chini kiasi kwamba aliusikia upepo katika manyoya yao. Ardhi ilikuwa imefukuliwa pembeni mwa njia; nguruwe mwitu walipita usiku. Kiongozi wao, mwanamke mrefu wa Kiswidi aliyehamia huko, alieleza haya yote kwa sauti ya chini, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Hapo ndipo Xavérine alipousikia mluzi. Ulikuwa mfupi, wa puani, na hakuhitaji kuelezwa. Ni mbuzi anayewaambia wenzake kwamba kuna mtu. Akageuka, akaacha kundi liendelee, akatafuta kwa macho mpaka akawaona: mbuzi mwitu saba, rangi yao ni ya mwamba wenyewe, wamesimama mahali ambapo hata mende angeomba msaada. Dume alikuwa na pembe zilizopinda nyuma hadi karibu na mabega. Jike mmoja alikuwa na mtoto wa mwaka ule ule, aliyebanana naye ubavuni.

Xavérine akagonga ulimi kwenye kaakaa, mara tatu, kama alivyokuwa akiwaita mbuzi wa babu. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka hamsini. Yule jike akainua kichwa akamtazama, akatazama kwa muda mrefu, na mtoto wake naye akatazama. Xavérine akasikia furaha ikimpanda kifuani mpaka ikawa karibu kuuma, na akageuka ili amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa tupu, na upepo tu ulikuwa ukipita juu ya mawe.

Hakuogopa kupotea, njia aliiona. Kilichomshika ni kwamba amepata kitu kizuri kuliko vyote vya miaka mingi, na hana hata jina moja la kuita. Akasimama hapo na mikono mitupu. Kisha akasikia mawe yakibingirika, na kiongozi akatokea kwenye kona anakuja karibu mbio, uso umemwiva. Alisema aliwahesabu penye njia panda wakawa kumi na mmoja, akahesabu tena, wakawa kumi na mmoja. Alisema wote wameketi chini kule mbele wanamngoja, hakuna aliyekubali kuendelea.

Maneno hayo yalimwingia Xavérine vibaya. Ni kazi ya yule mwanamke kuhesabu, hilo alilijua. Lakini aliyatafuna njia nzima ya kuteremka, na jioni hotelini, na siku zilizofuata, na pole pole yakamwotesha tamaa ambayo hakuja nayo. Kama mtu asiyemjua amekimbia hivyo kwa sababu ya robo saa tu, je, wale wa Rissne? Alimwona Gaudiosa akipiga simu na kupiga tena. Alimwona Severin amesimama mbele ya kwaya, anatazama kiti chake, anauliza. Aliwaonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa tamu. Ile simu iliyozimwa chini ya sanduku ilianza kumfariji. Kwa mara ya kwanza alitamani aulizwe alikokuwa, na akatamani kwa nguvu, kama mtoto aliyejificha anavyotamani kutafutwa.

Jumamosi mchana ndege ilitua Arlanda. Aliiwasha simu kabla watu hawajasimama. Ikatetemeka mkononi muda mrefu. Daktari wa meno alimkumbusha miadi. Kazini walitaka kujua kama anaweza zamu ya Jumatatu. Inès alituma moyo mwekundu. Katika kundi la kwaya kulikuwa na ujumbe mia moja na tisini, na yeye akaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, Mama Inès, aone waliomwulizia. Halikutokea hata mara moja. Akajaribu Xavérine. Hakuna. Akalifunga kundi lile bila kusoma mengine, akaitia simu mfukoni, na kwenye treni ya kurudi Jakobsberg akalia kidogo, akiwa amegeukia dirishani. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, na yeye alilisema hilo juu ya wengine mara nyingi akicheka.

Jumapili alikwenda Rissne akiwa amevaa vizuri na amenuna. Uongo wake wa zamu aliuacha nyumbani. Aliamua kuwa hatasema neno mpaka aulizwe, na asipoulizwa atajua la kufanya. Kwaya nyingine zipo. Hakupata hata kuvua koti. Gaudiosa alimfuata mlangoni na mikono imefunguliwa, akamkumbatia, akamtikisa, machozi yakimlengalenga.

"Mungu akubariki, Mama Inès," alisema. "Tulivyoona picha ya mtoto tulisema, kama wewe uko naye pale, sisi tukalale. Na kabla yake simu yako imezima, nikasema basi, wako hospitalini."

Severin naye akaja kumshika mkono. Alisema Jumapili iliyopita walipoona hayupo, walidhani yuko zamu. Alhamisi Léontine alipoweka picha ya mtoto kwenye kundi, wote wakaelewa. Ndiyo maana hakuna aliyekwenda Tumba. Hawakutaka kumjazia mzazi watu, na Mama Inès anatosha. Mtoto wa kike, alizaliwa Jumatano, wiki mbili na ushee kabla ya siku yake. Severin alimsifu mbele ya watu, na watu wakasema amina.

Xavérine alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kueleza kwa nini hakuwepo, na sasa alikuwa akishukuriwa kwa kuwepo. "Amina," alisema. Kisha akatoka kwa mlango ule ule alioingilia, na kwaya ikaanza bila yeye.

Kutoka Rissne hadi Tumba ni treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, halafu pendel, treni ya kwenda vitongojini. Safari haifiki saa nzima, na ilikuwa ndefu kuliko ile ya Hispania. Alifungua kundi la kwaya, akashuka katika ule ujumbe mia moja na tisini aliokuwa ameupita akijitafuta mwenyewe, akaipata picha. Mtoto amefungwa blanketi la hospitali. Ilikuwa imepigwa na mama mwenyewe akiwa amelala, mkono mmoja umenyooshwa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuipiga.

Léontine alifungua mlango akiwa na mtoto kifuani na kitenge begani. Alikuwa amekonda usoni. Sufuria moja ilikuwa jikoni, na sahani moja, na kikombe kimoja. Alimkaribisha kwa heshima, akamtolea kiti, akakaa taratibu kama anayekaa juu ya maumivu. Kisha akasimulia bila kulaumu: uchungu ulimwanza Jumatano alfajiri, intaneti ilikuwa imemwishia, akapiga simu ya kawaida, ile isiyoacha alama kwenye simu iliyozimwa. Akaita teksi. Hospitalini walikuwa wema, hata intaneti walimpa, ila waliuliza mengi, na yeye akaitikia ndiyo kwa kila kitu, hata asichokielewa.

"Nilikuitaka mara ine, mama," alisema. "Simu ilikuwa inasema tu Kiswidi. Nikaogopa juu yako. Nilijua kama uko, ungekuja. Ulikuwaka wapi?"

Ndilo swali alilolitamani tangu Jumatano, na aliyelileta ndiye huyu. Zamu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Ingeaminika, na kesho ingesahaulika.

"Nilikuwa Hispania, mwanangu. Mlimani. Niliwaona mbuzi. Sikumwambia mtu."

Léontine alimtazama. Mtoto alitoa sauti ndogo, akanyamaza. Kisha yule binti, ambaye tangu azae hakuwa ameongea Kiswahili na mtu aliye mbele yake, akasogeza kiti karibu.

"Kulikuwa kuzuri?" aliuliza, na alitaka kweli kujua.

Xavérine akasema kulikuwa kuzuri. Akajaribu kumweleza yule jike aliyeinua kichwa, na mtoto wake ubavuni, kisha akaacha katikati, akanyoosha mikono apewe mtoto.